Hafla ya Vitabu na Funguo za Makabati

Imeanza kuwa ada katika baadhi ya shule zetu za sekondari, hasa za mijini, kwamba mara moja katika mwaka maktaba ya shule hupambwa kwa karatasi za rangi na kanga za kuazima, wanafunzi wakaja wamevaa mavazi ya wahusika wa hadithi walizozisoma, pakaliwa vitafunio, pakasomwa mashairi, na siku hiyo ikaitwa hafla ya vitabu. Wako walimu na wazazi wanaoiona ada hii kuwa ni upotevu wa saa za masomo, na wako wengine wanaoipokea kwa furaha kwa sababu tu ni jambo jipya na picha zake hupendeza. Mimi naitakidi kwamba hafla ya namna hii ni katika mambo mema kabisa ambayo shule yaweza kuwafanyia watoto, lakini kwa sharti moja, nalo ni kwamba siku hiyo makabati ya vitabu yafunguliwe, na kila mwanafunzi aliyeingia mikono mitupu atoke na kitabu alichokichagua mwenyewe, jina lake limeandikwa katika daftari la kuazima, akalale nacho nyumbani au bwenini. Hafla isiyotimiza sharti hilo, hata ikiwa na mapambo ya namna gani, ni sawa na mwenye karamu aliyewakalisha wageni jamvini, akawanawisha mikono, kisha asiwatandikie sinia.

Kwanza niwajibu wasemao kwamba jambo hili tumeliiga ugenini. Ni kweli kwamba tarehe 23 Aprili, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 1995 kuwa Siku ya Vitabu Duniani, asili yake ni ada ya watu wa Katalunya katika Uhispania, ambao siku hiyo hupeana mawaridi na vitabu. Na ni kweli vilevile kwamba huko Uingereza, ambako siku hiyo huadhimishwa mwezi wa Machi, watoto huenda shule wamevaa mavazi ya wahusika wa vitabu, na hupewa hati ya pauni moja ya kujipatia kitabu dukani. Walakini watu wa pwani ya Afrika Mashariki wamekuwa wakikifanyia kitabu karamu tangu zamani. Mtoto akihitimu Kurani chuoni, wazazi wake humshonea kanzu mpya, mwalimu akapewa hidaya, na majirani wakaitwa wakala. Maulidi ya Barzanji ni kusomwa kwa kitabu, mlango baada ya mlango, wasomaji wakipokezana, huku udi ukifukizwa na marashi yakinyunyizwa, na mwisho wake ni halua na kahawa. Na huko Lamu, Pate na Siu, tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu zilikuwa zikisomwa kwa sauti mbele ya jamaa waliokusanyika, na miongoni mwao walikuwapo wasiojua kusoma hata herufi, nao wakazihifadhi beti kwa moyo. Sisemi kwamba hadithi za shuleni ni sawa na vitabu vya dini, maana kila kitu kina hadhi yake. Nasema kwamba kukikusanyikia kitabu, kupapamba mahali kitakaposomewa, kukisoma kwa sauti nzuri na kuwakirimu waliokuja kukisikiliza ni mwenendo wetu wenyewe, na kwa hiyo hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mizani ya kuipimia hafla ya maktabani. Katika maulidi kila mtu ajua kwamba shughuli ni kisomo, na halua ni takrima.

Sasa tuzitazame maktaba zenyewe. Zipo shule zenye chumba kizima kilichoandikwa neno hilo juu ya mlango, na zipo zisizokuwa na chumba, zina kabati moja katika ofisi ya walimu. Lakini aghalabu katika zote mbili ufunguo hukaa mfukoni mwa mtu mmoja, ambaye ni mwalimu wa historia au wa hisabati aliyeongezewa kazi ya maktaba juu ya vipindi vyake. Vitabu vya kiada hutoka, kwa kuwa mtihani unavidai, na riwaya na tamthilia teule hutoka kwa sababu hiyo hiyo. Vitabu vya ziada, ambavyo ndivyo hasa humfanya mtoto apende kusoma, hubaki ndani na migongo yao mipya. Simlaumu mwalimu huyo. Yeye ameviandika vitabu vyote katika leja ya mali ya shule, mkaguzi akija atavihesabu kimoja kimoja kama vinavyohesabiwa viti na majembe, na kikikosekana kimoja ni yeye atakayeulizwa na pengine kulipa kutoka katika mshahara wake. Mtu aliyewekewa sheria kama hiyo atafanya nini ila kufunga? Ndiyo maana nasema kwamba ubaya haumo katika tabia ya mkutubi, umo katika hesabu iliyokihesabu kitabu kuwa samani.

Tena haya yanasikitisha zaidi kwa mtu anayejua jitihada zilizofanywa ili vitabu vitufikie. Ile idara iliyoanzishwa mwaka 1948 kwa jina la East African Literature Bureau haikuchapa vitabu tu, bali iliyapeleka masanduku ya vitabu mahali pasipokuwa na maktaba, na wasomaji walioishi mbali ikawaazima kwa njia ya posta. Tanganyika ilipopata uhuru haikungoja muda mrefu, maana sheria ya kuunda bodi ya huduma za maktaba ilitungwa mwaka 1963, na Desemba 1967 Rais Nyerere, ambaye yeye mwenyewe alikwisha kutupa tafsiri ya Juliasi Kaizari, aliifungua maktaba kuu ya taifa mjini Dar es Salaam. Kenya nayo, mwaka 1996, ilianza kuwapakia ngamia vitabu ili viwafikie wafugaji wa upande wa Garissa ambako magari hayapiti kwa urahisi. Vitabu vilivyosafirishwa kwa sanduku, kwa mfuko wa posta na kwa mgongo wa ngamia vimeshindwa kuvuka kutoka kabatini hadi kwenye dawati la mtoto aliyekaa umbali wa hatua kumi.

Basi faida kubwa ya hafla ni kwamba inatoa udhuru mwema wa kufungua. Jambo ambalo kwa siku za kawaida mkuu wa shule angelichelea, siku ya furaha hulikubali, kwa kuwa amekwisha kuidhinisha shughuli nzima. Na ufunguo uliozunguka mara moja mbele ya watoto mia mbili hauwezi kurudi mfukoni bila kuulizwa.

Ama kuhusu namna ya kuiandaa, nasaha yangu ya kwanza ni kuchagua kitabu kimoja na kuijenga siku nzima juu yake. Hafla inayotaka kuvitukuza vitabu vyote kwa pamoja huishia kuwa maonyesho ya mavazi: huku amesimama Abunuwasi, kule amesimama binti mfalme, na hakuna mtu aliyesoma ukurasa hata mmoja. Kitabu kimoja kikichaguliwa wiki kadhaa kabla, walimu wa Kiswahili wakakisoma darasani robo saa kila asubuhi, hata mvivu atakuwa anawajua wahusika wake itakapowadia siku yenyewe.

Kama ningeulizwa nichague mimi, kwa watoto wa kidato cha kwanza na cha pili nisingesita kuchagua Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammad Said Abdulla wa Unguja, hadithi iliyopata ushindi katika mashindano ya uandishi ya ile idara niliyoitaja, ikachapwa mwaka 1960, na kumleta katika fasihi yetu Bwana Msa, mtu wa kiko na tafakuri, pamoja na sahibu yake Najum. Hadithi ya upelelezi ina fadhila ambayo nyingine hazina, kwamba inamfundisha msomaji kutopita juu ya neno, kwa sababu neno dogo la ukurasa wa tano laweza kuwa ndilo dalili itakayofumbua fumbo mwishoni. Fadhila hiyo ndiyo ya kuhamishiwa maktabani. Siku ya hafla itangazwe kwamba muhuri wa maktaba, ule wa kugongea tarehe katika vitabu vinavyoazimwa, umetoweka, na kwamba pasipo muhuri hakuna atakayeazima. Wanafunzi wagawanywe makundi ya watu watano au sita, kila kundi likichanganya vidato na kuchanganya waliozoea kusoma na wasiozoea, kisha kila kundi lipewe kikaratasi cha kwanza. Kikaratasi hicho kisiseme mahali, kieleze. Kiseme, kwa mfano, kwamba dalili ya pili imelala katika kitabu ambacho ndani yake Kilimanjaro ni mfupi kuliko kidole, nao watoto wakifikiri vyema wataiendea atlasi. Humo watakuta jina la bandari, na jina hilo litawapeleka kwenye rafu ya historia. Kutoka historia wapelekwe kwenye kamusi, wakatafute neno wasilolijua, na maana yake iwe ndiyo njia ya kuendelea. Kutoka kamusi waende kwenye diwani ya mashairi, ambapo jibu halipatikani ila shairi zima lisomwe kwa sauti mpaka kituo.

Nimeshuhudia mchezo wa namna hii katika shule moja, na jambo lililonipendeza kuliko yote halikuwa kundi lililoshinda, bali kijana mmoja aliyetumwa na wenzake kwenye kamusi asirudi, kwa kuwa neno moja lilimpeleka kwa jingine na hilo kwa jingine, mpaka wakaja kumvuta mkono. Katika muda mfupi watoto wale walijifunza mpangilio wa rafu, maana ya namba zilizobandikwa migongoni mwa vitabu, na matumizi ya faharasa, mambo ambayo yakifundishwa ubaoni huwalaza usingizi. Muhuri nao upatikane mahali pa mwisho kabisa, ndani ya sanduku, pamoja na wino wake. Na kundi lililouona ndilo liwe la kwanza kugongewa vitabu vyao.

Kwa wakubwa wa kidato cha tatu na cha nne ningependa Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, kwa sababu ndani ya utenzi huo mna karamu, na tena karamu yenye siri. Liyongo yumo kifungoni, anangoja kuuawa. Chakula chema anacholetewa na mjakazi Saada askari hukila. Naye, kwa maneno ya fumbo, ampelekea mama yake habari kwamba aoke mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa, kwa kuwa mkate wa wishwa walinzi wataudharau na kumwachia. Kisha akaomba pachezwe ngoma ya gungu, na watu walipokuwa wakiimba na kupiga ngoma, yeye alikuwa akizikereza pingu zake, na mlio wa chuma ukapotea katika mlio wa ngoma. Niambieni, ni hafla gani inayojitengeneza yenyewe kuliko hii? Upande mmoja wa maktaba uzibwe kwa shuka, na nyuma ya shuka akae mwanafunzi mwenye tupa na kipande cha chuma. Mbele wakae wasomaji wawili, mmoja akisoma beti za Liyongo na mwingine za Saada. Matari yapigwe, na wasikilizaji waambiwe wanyamaze na kutega masikio, waone kama wataweza kuisikia tupa. Mikate igawiwe mwishoni, kila mmoja umezungushiwa ukanda wa karatasi ulioandikwa jina la kitabu kilichomo rafuni, si jina la kitabu kimoja kwa wote, na kila aliyepata mkate akakitafute kitabu chake. Kama pana mzee mtaani anayezijua nyimbo za gungu, aalikwe akae kiti cha mbele, maana hazina iliyomo kifuani mwake haimo katika maktaba yoyote ya shule.

Wanaopenda hoja kuliko hadithi wanaweza kuichukua Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, wakaigeuza maktaba kuwa baraza la nchi ile inayoelea angani, Karama akajitetea mbele ya mfalme dhidi ya mashtaka ya Majivuno, na wajumbe sita wakaeleza safari zao. Ni mwalimu gani wa uraia asiyependa jambo hilo?

Kuhusu mavazi nina neno moja, nalo nalisema kwa mkazo. Pasiwepo mzazi hata mmoja atakayelazimika kununua kitu. Shule ikitangaza kwamba kila mtoto aje amevaa kama mhusika fulani, mtoto wa mwenye nacho atashonewa joho, na yule ambaye sare yake yenyewe ina kiraka atasema anaumwa tumbo, akabaki nyumbani. Na hivyo hafla iliyokusudiwa kuwaleta watu kwenye vitabu itakuwa imewafukuza wale wale waliovihitaji zaidi. Kanga moja, kanzu ya kaka, kofia ya babu, kiko cha mti wa mpera kilichochongwa na vijana wenyewe, hivyo vyatosha; tena mavazi yaazimwe shuleni, yakae sandukuni mlangoni, kila aingiaye akichagua, pasijulikane kilichotoka kwa nani.

Vyakula vikae barazani, nje ya mlango, pamoja na ndoo ya maji, sabuni na taulo, na wala visiingie ndani. Viwe vikavu, kama kashata, bisi, njugu, tende zilizokwisha kutolewa kokwa na mihogo ya kukaanga, kwa kuwa kaimati zenye shira ni tamu mdomoni lakini ni msiba kwa karatasi. Ikiwa ni mwezi wa Ramadhani, hafla iahirishwe au ipelekwe jioni baada ya futari, na hilo halihitaji maelezo marefu.

Lipo jambo jingine ambalo huziharibu hafla zetu kuliko upungufu wa fedha, nalo ni mgeni rasmi. Watoto hukaa juani wakimngoja mtu ambaye msafara wake umechelewa. Akifika, husomewa risala yenye orodha ya matatizo ya shule, naye hujibu kwa hotuba ndefu. Kisha hupigwa picha mbele ya makabati, akaondoka, na muda umekwisha. Sina chuki na viongozi, na najua kwamba mkuu wa shule humwita kwa kutaraji msaada wa mabati au madawati. Lakini hafla ya vitabu si mahali pake, au kama ni lazima aje, basi apewe kazi ile ile watakayopewa wageni wengine wote: achague kitabu alichokipenda utotoni, asome kurasa mbili kwa sauti, akae. Apishane na mpishi wa shule, mlinzi wa usiku, dereva, bibi wa mmoja wa wanafunzi, na mwalimu wa fizikia ambaye watoto hawajapata kumsikia akitamka neno la kishairi. Mtoto anapomwona mlinzi wa lango amevaa miwani na kusoma kisa cha Abunuwasi mpaka watu wakacheka, hujua kwamba kusoma si kazi ya mtihani, na ujuzi huo hakuna hotuba iwezayo kumpa. Mwandishi akipatikana, naye aje, maana wanafunzi wetu wengi hudhani kwamba kila mwandishi amekwisha kufa. Wamwulize aliamka saa ngapi kuandika, alilipwa nini, na kwa nini alimwua mhusika waliyempenda.

Sasa nirejee kwenye sharti langu. Meza ya kuazima iwekwe kando ya mlango wa kutokea, daftari likiwa limekwisha kupigwa mistari tangu jana yake, na wanafunzi wanne au watano wenye hati safi wamefunzwa kuandika jina, kidato, jina la kitabu na tarehe ya kurudisha, ili foleni isiwachoshe watu. Asiulizwe mtu kwa nini amechagua kitabu hiki badala ya kile, wala asirudishwe kwa kuwa kitabu chake ni chembamba, au chenye picha nyingi, au cha darasa la chini. Mtu mzima anayeanza kula baada ya kufunga huanza kwa tende. Na wale wasioona vizuri wasomewe na wenzao wanaojitolea, majina yao yakaandikwa katika daftari hilo hilo kama waazimaji kamili.

Vitabu vingine vitapotea. Hili lisemwe mapema na wazi, na lisemwe na wenye mamlaka, si na mwalimu wa maktaba peke yake. Bodi ya shule ikae kabla ya hafla iamue kwamba katika kila vitabu mia vilivyoazimwa, vitano vikipotea au kuraruka kwa mwaka hakuna atakayelipishwa, ila itakuwa ni gharama ya kazi, kama chaki inavyokwisha bila ya mtu kuidai. Na uamuzi huo uandikwe katika muhtasari wa kikao na nakala yake igundishwe ndani ya jalada la leja, ili mkaguzi atakapokuja aukute. Anayeona kiasi hicho ni kikubwa na aende akavitazame vitabu vilivyofungiwa, avihesabu vilivyoliwa na mchwa, vilivyoota ukungu kwa unyevu wa masika na vilivyotafunwa na panya, ambavyo katika leja vingali vinahesabiwa kuwa vipo.

Neno la mwisho ni la tarehe. Hafla hizi mara nyingi huwekwa wiki ya kufunga shule, mitihani imekwisha na walimu wamepumzika, nayo ni wiki mbaya kuliko zote, kwa kuwa kitabu hakiwezi kuazimwa mtu anapofungasha sanduku lake. Iwekwe mwanzoni mwa muhula. Kwa shule za Tanzania ambazo muhula wa pili huanza Julai, ipo tarehe 7 ya mwezi huo, ambayo UNESCO mwaka 2021 iliifanya kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na siku zinazoifuata zinafaa vivyo hivyo. Kitabu kilichotoka wiki hiyo kitarudi kabla ya Agosti. Na siku ya kukirudisha pawe na kikao kidogo cha saa moja, bila mapambo na bila vitafunio, ambapo aliyemaliza atasimulia kilichomshika na aliyeshindwa kumaliza ataeleza aliachia wapi, kisha wote wawili waazimwe vingine.